Kipa Mwenye Tarehe Mbili

Jumatatu, 17 Septemba 2018

Daftari hili ni la kuandikia vipimo vya viatu. Leo nimechana kurasa za mbele, na kuanzia sasa litabeba hasira zangu, maana nikimweleza mama mdogo Nusra ataniambia nimejitakia mwenyewe. Mtoto wa kike wa Tanga, ushungi kichwani, meneja wa vifaa wa timu ya hoki ya barafu ya chuo hapa Fort Worth. Nje jua la kukaanga yai, mimi ndani nimevaa koti. Kila siku ananiambia, "Mwatumu, wenzako wanasomea unesi, wewe unanoa visu." Haya, nanoa visu. Kila kiatu kina kisu chake chini, kila kisu kina makali yake, na wavulana ishirini na mmoja hawasimami juu ya barafu bila mimi.

Leo mkurugenzi wa michezo, Bwana Pruitt, katufuata chumba cha kubadilishia nguo. Kasema chuo kinapunguza michezo. Ligi yetu ina timu nane. Tukimaliza msimu ndani ya nne bora, timu inabaki. Tukiwa wa tano kushuka chini, mwezi wa tatu inafungwa. Yote hayo kayasema anatabasamu, utadhani anatugawia halua. Mwaka jana tulikuwa wa saba na anajua.

Kocha hakufungua mdomo mpaka yule mtu alipotoka, halafu akaupiga mlango teke. Nimempenda kwa lile teke.

Alhamisi, 20 Septemba

Mazoezi yamehamishiwa saa kumi na moja alfajiri. Ofisi inasema saa za jioni zina wahitaji wengine. Nimesali chumba cha viatu, katikati ya harufu ya soksi. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 29 Septemba

Sita kwa mbili, tumefungwa sisi. Kipa wetu kaumia goti, msimu kwake umekwisha. Wiki ijayo golini anasimama Kalisti. Nimeenda kulala na njaa kwa hasira.

Jumamosi, 6 Oktoba

Tumeshinda mbili kwa moja na nina la kusema kuhusu huyu Kalisti. Mwaka mzima nimemnolea viatu nikamwona bwege tu, anakaa pembeni, hasemi, anakula mkate wake. Nilidhani Mkongo wa Haltom City, mji wa jirani, kaletwa timuni ili chuo kipate picha nzuri ya matangazo. Leo kazuia mipira thelathini na minane. Mpira wa mchezo huu ni kisahani cha raba ngumu, unakuja kwa kasi usiyoiona, na yeye anauchukua kwa mkono kama anapokea chenji dukani.

Kwenye gari kanieleza. Kakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, na huko alikuwa kipa wa mpira wa matambara. Alipofika Texas alikuwa na miaka kumi. Mama yake akapata kazi ya kusafisha vyoo hapahapa kwenye uwanja wetu wa barafu, na mtoto akawa anamsubiri baada ya shule, akikaa kwenye ngazi. Walipochoka kumwona amekaa wakampa viatu vya zamani.

"Na ukasimama golini?" nikamuuliza.

"Golini hakuna mtu alitaka kusimama," akasema. Kiswahili chake kina Kigoma ndani yake, kina Kongo, na kikikwama anamalizia kwa Kiingereza.

Ijumaa, 12 Oktoba

Mvua tangu Jumatatu. Barabara za huku zimejaa maji na watu wa Texas wanaendesha kama vipofu.

Leo kwa mara ya kwanza msimu huu tumecheka. Baada ya mazoezi Mama Kalisti kaja na sufuria la sombe, kisamvu chao cha Kongo, na samaki, kaliweka juu ya meza yangu ya kunolea. Mwanamke mfupi, mikono ina nguvu kuliko ya wavulana wote humu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Weye unajua leo ni siku gani? Leo ndiyo siku nilimuzala huyu mutoto. Miaka makumi mbili."

Nikashangaa, maana fomu za usajili wa ligi nazijaza mimi kwa mkono wangu, na kwenye fomu ya Kalisti niliandika Januari mosi. Akacheka. Akasema hiyo ni tarehe ya papier, ya karatasi tu. Kule kambini mwandishi aliuliza mwaka tu, siku akajiwekea mwenyewe, na akawawekea wote ileile. Mama, Kalisti na wadogo zake wanne wa baba mwingine, watu sita nyumba moja, wote wamezaliwa Januari mosi.

"Basi mnaokoa keki," nikamwambia, na akanipiga begani kwa mwiko.

Sasa jamani, mtu ana bethidei halafu akae mkavu? Kwetu hiyo haipo. Nikamfuata Loice, yule Mkenya anayeendesha mashine ya kulainisha barafu, nikamwomba ndoo. Akanipa ndoo ya maji yaliyoyeyuka kwenye mashine yake, yana vipande vya barafu ndani. Nikammwagia Kalisti kichwani hadi nguo za ndani zikalowa. Wamarekani wakabaki midomo wazi, nahodha Colby akadhani tunagombana. Tulipomweleza kwamba ndivyo tunavyompongeza mtu, akatafuta ndoo ya pili. Mama Kalisti alicheka mpaka akakaa chini.

Picha nimeiweka kwenye ukurasa wa timu: kipa wetu leo katimiza miaka ishirini. Imependwa na watu mia tatu.

Jumamosi, 20 Oktoba

Tumeshinda tena. Mvua.

Jumapili, 28 Oktoba

Jana tulikuwa Houston. Ijumaa mchana, zikiwa zimebaki saa tatu tuondoke, ofisi ya Pruitt ikatuandikia kwamba basi "limepangiwa shughuli nyingine". Mabegi ishirini na moja, kila moja ukubwa wa jeneza la mtoto, na magongo, na mashine yangu ya kunolea. Wavulana wakabaki wamesimama kwenye maegesho. Nilitamani niende nikatapike mezani kwake.

Aliyetuokoa ni Colby, na lazima niandike kwa sababu nimemsema vibaya sana humu kichwani. Nilimwona mtoto wa baba, ana pikapu kubwa isiyobeba kitu. Juzi imebeba. Akapiga simu tatu, yakapatikana magari matano, mimi nika-drive la mabegi kwa muda wa saa nne na nusu mvuani.

Tumeshinda tatu kwa moja. Kalisti kazuia mipira arobaini na mmoja. Baadaye nikawapeleka Alief, mtaa wa hukohuko Houston, kwenye mgahawa wa mama mmoja wa Kizanzibari, wakala pilau kwa mikono kama wamezaliwa nalo, na yule mama akawa anaongeza tu bila kuulizwa.

Jumamosi, 10 Novemba

Ushindi wa sita. Tuko wa nne. Nimeandika namba nne kwa kalamu nyekundu kwenye mlango wa chumba cha viatu.

Jumamosi, 17 Novemba

Wa tatu. Saba tumeshinda. Leo Pruitt kaja kutazama mechi kwa mara ya kwanza, kakaa dakika kumi, kaondoka hakupiga hata kofi moja.

Jumatano, 28 Novemba

Nimeiua timu. Naandika ili nisiupige ukuta.

Leo Pruitt kaniita mimi na kocha. Juu ya meza yake kulikuwa na karatasi mbili. Moja ni picha niliyoiposti, kaichapisha kwa rangi, Kalisti amelowa chapachapa na maneno yangu chini yake. Ya pili ni fomu ya usajili, mwandiko wangu, Januari mosi 1998. Kaziweka sambamba kwa kidole, polepole, akahakikisha zimenyooka. Akauliza ipi ni ya uongo.

Akatusomea sheria ya ligi. Mchezaji akisajiliwa kwa taarifa zisizo za kweli, mechi zote alizocheza zinahesabiwa zimepotezwa. Mechi saba tulizoshinda, zote Kalisti alikuwa golini. Ukizitoa hizo tunakuwa wa mwisho, wa nane kati ya wanane, na Pruitt anapata anachokitaka bila kutoka jasho.

Nikamwambia karatasi za serikali ya nchi yake mwenyewe zinasema Januari mosi, si zinatosha? Akasema zingetosha kama tusingetangaza tarehe nyingine hadharani. Nikasema kijana tarehe ya kweli inamfanya awe mdogo, miezi tisa mdogo, anamdanganya nani kwa kujizeesha? Nilikuwa nafungua mdomo nimweleze habari ya kambi, na mwandishi, na nyumba ya watu sita. Kocha akanikanyaga mguu chini ya meza. Akasema ile ilikuwa mizaha tu, vijana walitafuta kisingizio cha kula keki.

Pruitt akamtazama. Akasema vizuri, basi mama mzazi aje athibitishe kwa mdomo wake, tarehe kumi na tano Januari. Hadi hapo Kalisti hachezi.

Nimetoka mle nachechemea. Mguu unaniuma na sijui nimkasirikie nani kwanza. Pruitt ni mnafiki, hilo halina mjadala. Lakini picha nimeiweka mimi. Hakuna aliyenituma. Kidole changu mwenyewe, na kicheko changu kama punguani.

Ijumaa, 30 Novemba

Kikao cha timu. Kila mtu anachezea kamba za viatu. Halafu Colby kasema, "Mtu gani hajui siku aliyozaliwa?"

Nilimpasulia. Nikamwambia mama yake alizalia hospitali yenye maua na mpiga picha, na daktari akaangalia saa ukutani, ndiyo maana anadhani kila mtu anazaliwa na saa ukutani. Nikamwambia mengine nisiyoyaandika. Akawa mwekundu mpaka shingoni.

Kalisti hakuinua sauti. Kasema, "Siku yangu ninaijua. Ni nyinyi mnataka niwe nayo moja tu."

Wakatoka mmoja mmoja. Colby kabaki nyuma, akamsaidia Kalisti kufunga begi.

Jumamosi, 8 Desemba

Bila Kalisti. Tumefungwa tano bila.

Jumamosi, 15 Desemba

Tumefungwa tena. Chuo kimefunga kwa likizo. Mama mdogo kaniuliza kwa nini sili.

Jumanne, 1 Januari 2019

Leo ni bethidei ya watu sita na hakuna hata mmoja aliyeikumbuka. Nimeenda Haltom City kuongea na Mama Kalisti kabla ya siku ya ofisi. Wadogo zake walikuwa wanatazama televisheni, wananijibu kwa Kiingereza. Mama alikuwa anachambua maharage.

Nikamweleza taratibu. Kwamba atakaa mbele ya Pruitt, mimi nitatafsiri, kwa sababu ofisi imeona rahisi kutumia meneja wa timu kuliko kutafuta mkalimani. Kwamba ataulizwa swali moja, mwanawe kazaliwa lini. Kwamba jibu ni lile lililo kwenye papier, Januari mosi, basi, anarudi nyumbani. Akilitoa hilo, timu inapona.

Aliendelea na maharage. Kisha akasema, "Na mimi niseme hivyo na mdomo wangu?"

"Ni neno moja tu, mama."

"Kwa mwandishi wa kambi sikusema. Aliandika yeye." Akachagua punje mbovu, akaitupa. "Mwandishi aliandika yeye, binti. Mimi sikusema."

Kalisti akamshika mkono. Akamwambia, "Mama, ni mchezo tu." Mama akamaliza punje za mkononi, halafu akasema sawa. Nimelichukua lile sawa nikaondoka nalo haraka kabla hajabadilisha.

Jumanne, 15 Januari

Nataka niandike kila kitu kilivyokuwa, bila kujipendelea.

Tulikuwa sita chumbani. Pruitt na katibu wake, kocha, Kalisti kwenye suti aliyoazimwa na Colby, Mama Kalisti na mimi. Mama alivaa kitenge kipya cha kijani na viatu vyake vya kazini, kwa sababu alikuwa anaingia zamu saa sita. Pruitt akamshukuru kwa kufika. Akauliza swali lake, nikalitafsiri.

Mama akavuta kitenge, akakaa wima. Akaanza kusema, na hakumtazama Pruitt, alinitazama mimi.

"Mwambie huyu bwana hivi. Mimi Scholastique nilimuzala Kalisti tarehe kumi na mbili, mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na nane, njiani, tukitoka Fizi kwenda ziwani. Mvua ilikuwa inanyesha. Dada yangu alishika kitenge juu yetu. Kitovu nilikata mimi mwenyewe, na wembe wa kunyolea wa bwana yangu. Bwana yangu walikuwa wamemuua. Nilikuwa ninahesabu siku tangu walimuua, kila siku ninafunga fundo moja kwa kamba, kusudi nisipotee akili. Siku mutoto alitoka, mafundo yalikuwa kumi na nne. Ndiyo maana ninaijua. Nikisema si siku hiyo, baba yake naye hakufa siku yake. Mwambie siwezi. Mwambie anisamehe, lakini siwezi."

Kalisti alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa jinsi mabega yake yalivyokuwa, nadhani habari ya mafundo alikuwa haijui.

Pruitt alikuwa na kalamu mkononi. Kocha ananiangalia mimi. Niliona mechi saba. Niliona wavulana ishirini na mmoja, na ndoo, na kidole changu kwenye simu. Pruitt akauliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anasema Januari mosi, mwaka tisini na nane."

"Maneno yote hayo?"

"Kiswahili ni lugha ndefu," nikasema. Katibu akacheka kidogo. Pruitt akaandika.

Sasa lililobaki. Mama Kalisti Kiingereza hakijui, ila neno January analijua. Liko kwenye kila kadi aliyopewa tangu ashuke ndege. Nililitamka na akalisikia. Akainuka, akamshukuru yule bwana kwa kumwinamia kichwa, akaenda kusafisha vyoo.

Ijumaa, 18 Januari

Barua imekuja. Faili la Kalisti limefungwa, mechi saba ni zetu. Wavulana walinibeba juujuu. Nikawaambia wanishushe.

Jumatatu, 21 Januari

Nimemkuta Mama Kalisti kwenye korido na ndoo yake. Shikamoo mama. Hakuitika.

Jumamosi, 26 Januari

Tumeshinda. Shikamoo mama. Kimya.

Jumamosi, 2 Februari

Tumefungwa kwa bao la dakika ya mwisho. Tumeshuka hadi wa nne. Shikamoo. Kimya. Kwetu mtu mzima akikunyima marahaba amekuweka nje ya mlango. Kalisti kaniambia nimpe muda. Yeye mwenyewe anaongea nami mambo ya viatu tu.

Jumamosi, 9 Februari

Ushindi. Pruitt haonekani.

Jumapili, 24 Februari

Jana, Houston, mechi ya mwisho. Tukifungwa tunakuwa wa tano. Basi hatukupewa tena, na hakuna aliyeshangaa tena. Tumekusanyika Gulfton, hukohuko Houston, kwenye maegesho ya ghorofa anapokaa shangazi yake Kalisti, maana hapo ndipo magari yote matano yalipojua kufika, na yule shangazi akawatelemshia wavulana maandazi kwenye beseni.

Mbili kwa mbili mpaka muda wa nyongeza. Sikutazama. Nilikuwa chumba cha kubadilishia nguo cha wageni nikinoa kiatu ambacho hakikuhitaji kunolewa. Nilisikia kelele, nikadhani imekwisha. Imekwisha kweli, Colby kafunga. Tumemaliza wa tatu. Vijana wakubwa wenye ndevu wamelala juu ya barafu wanalia. Kocha alikuwa amesimama peke yake karibu na geti, anaangalia viatu vyake, nikadhani naye ni furaha.

Njiani Kalisti kaniuliza, "Tumebaki?"

"Tumebaki," nikamwambia.

Jumatatu, 4 Machi

Barua pepe ya mistari minne. Chuo kinatushukuru kwa msimu mzuri. Chuo kinachukua mwelekeo mpya. Timu ya hoki ya barafu haitakuwepo mwaka ujao. Pruitt.

Tulikuwa wa tatu. Alisema nne bora, kwa mdomo wake, mbele ya watu ishirini na tatu. Nimemwandikia majibu kumi na mawili, nikayafuta yote, kwa sababu hakuna hata moja ambalo lingepita bila matusi ya nguoni. Colby kapiga simu ofisini siku nzima, katibu anasema yuko kikaoni. Colby yule wa pikapu kalia kwenye simu na mimi, na nimemwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeenda kuchukua mashine yangu ya kunolea. Loice kazima mashine yake, kashuka, kanivuta pembeni.

"Mwatumu, aki usinikasirikie. Mimi nilidhani mnajua."

"Najua nini?"

"Hizo saa zenu za barafu za mwaka ujao. Chuo chenu kili-release zote tangu Novemba, mapema kabisa, tarehe mbili. Calendar imeshajaa watoto wa kucheza dansi ya barafu. Na barua iko na sahihi mbili. Ya huyo mkubwa wenu wa michezo, na ya kocha."

Tarehe mbili Novemba. Tulikuwa tunaupigania ule mstari wa nne na uwanja walishaugawa. Pruitt alipopanga zile karatasi mbili sambamba kwa kidole, timu alikuwa ameshaizika karibu mwezi mzima nyuma. Basi alimwita mama wa watu kufanya nini? Ili ligi ituhukumu yeye asionekane mbaya, ndivyo ninavyofikiri. Tulipoponyoka, akatuua mwenyewe.

Nikamfuata kocha ofisini kwake, anapakia vikombe kwenye maboksi. Sikumsalimu.

"Ulijua."

"Ningewaambia, mngeendelea kucheza?" akasema.

"Tungeamua wenyewe. Na yule mama asingeletwa pale."

Akasema alitaka vijana wapate msimu mmoja mzuri. Inawezekana anasema kweli. Lakini alinikanyaga mguu, akaniacha niseme uongo kwa ajili ya kitu alichokijua kimekufa, na aliniangalia usoni nikiusema. Lile teke la mlangoni nimemnyang'anya.

Jumatano, 6 Machi

Nimeenda Haltom City. Mama Kalisti kafungua mwenyewe. Nilisema shikamoo, akaniacha mlango wazi, akarudi jikoni. Nikamfuata. Akaniwekea ugali na sombe, akakaa mbele yangu, nikala kwa sababu sikuthubutu kutokula.

"Timu imekufa?" akauliza.

"Imekufa, mama."

"Na maneno yangu?"

Sikuelewa mara moja. Nikamwambia ninayo. Ninayo yote, hata neno moja halijanitoka, nayasikia nikinoa, nayasikia nikisali. Nikalia pale mezani, nikamwomba radhi, nikamwambia niliona timu nikashindwa kumwona yeye.

Hakunibembeleza. Kasema, "Nilikupa upeleke. Hayakuwa ya kubaki kwako."

Kalisti alikuwa amesimama mlangoni. Nikamuuliza yeye kama niyapeleke sasa kwa Pruitt, maana jina ni lake na fomu ni yake. Akasema, "Nenda. Mechi ya kuninyang'anya haipo tena."

Alhamisi, 7 Machi

Saa tatu asubuhi nilikuwa ofisini kwa Pruitt. Katibu akasema yuko kikaoni, nikamwambia nitasubiri mpaka kikao kiishe, na kikaisha palepale. Pruitt alidhani nimekuja kuombea timu. Akaanza habari ya mwelekeo mpya, akanionyesha kiti.

Sikukaa. Nikamwambia tarehe kumi na tano Januari alimuuliza mama mmoja swali, na mimi nilimpa jibu langu badala ya la yule mama. Nimeleta la kwake.

"Faili lile lilifungwa," akasema.

"Najua."

Nikalisema kwanza kwa Kiswahili, lote, kwa sababu ndivyo lilivyosemwa, na akalisikiliza asilolielewa kwa dakika nzima. Kisha kwa Kiingereza, sentensi moja moja. Fizi. Mvua. Dada na kitenge. Wembe. Mume waliyemuua. Kamba na mafundo kumi na nne. Sikupunguza neno na sikuongeza. Katibu alikuwa ameacha kupiga chapa.

Nilipomaliza, Pruitt alikuwa ameangalia meza. Akaniuliza sasa anatakiwa afanye nini na habari hiyo, msimu umekwisha, haibadilishi kitu chochote.

Nikamwambia aandike. Aliandika ile ya uongo mbele yangu, basi na hii aandike.

Nilidhani atanifukuza. Akavuta faili, akafungua kalamu, akaandika tarehe ya leo juu ya karatasi. Halafu akaacha kuandika, akaniuliza mama yule anaitwa nani. Walikaa meza moja nusu saa, yeye na yule mama, na mama anatusafishia uwanja mwaka wa kumi huu.

"Scholastique," nikamwambia, na nikasimama pale mpaka alipomaliza.